Gari la Betri na Ubao wa Uani

Mimi ni mtu wa wasiwasi, tangu utoto. Nikishafunga mlango na kufika njiani, narudi kuusukuma. Mgeni akichelewa nusu saa, mimi nimekwisha kumzika. Kwa hiyo nikisema kwamba sijapata kuogopa kama nilivyoogopa mwaka ule niliokaa nyumba moja na baba mkwe wangu, pale Kibaha, jua kwamba anayesema anaifahamu hofu vizuri.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati wa foleni za sabuni na sukari. Nilikuwa nafundisha fizikia sekondari. Mume wangu alikuwa Bwana Samaki, yaani afisa uvuvi, wa Wilaya ya Kisarawe, ambayo wakati ule ilikuwa bado haijagawanywa na ilishuka mpaka baharini. Jumatatu aliondoka na Land Rover ya idara kwenda vijiji vya pwani, na Ijumaa au Jumamosi alirudi, kutegemea mafuta. Hatukuwa bado na mtoto. Nyumba yetu ilikuwa ya shule: vyumba vitatu, baraza mbele, na uani jiko na choo.

Mama mkwe alipofariki, mume wangu alikwenda Rungwe kuzika, akarudi na baba yake.

Sisi sote watatu ni watu wa Rungwe, na kwetu, enzi zile, mke hakuonana na baba wa mumewe. Hawakuwa wamegombana. Ndiyo ilikuwa heshima yenyewe. Humtazami usoni, humtaji jina, huli naye, humsalimii. Ukimwona anakuja njiani unaingia kwenye migomba, unajifunika khanga, unageuka mpaka apite. Wengine, hasa wa makanisani, walikuwa wamekwisha kulegeza, lakini mzee wetu hakulegeza, na mimi nililelewa na bibi ambaye asingenisamehe. Nilikuwa nimeolewa miaka miwili na sura ya baba mkwe wangu siijui. Nilijua mgongo wake, ambao niliuona siku ya harusi, na kikohozi chake.

Kule nyumbani kuna migomba na nafasi. Kibaha tulikuwa na uani ambao ukinyoosha mikono unakaribia kugusa ukuta huu na huu. Mume wangu akapanga utaratibu. Mzee alipewa chumba cha mbele, chenye mlango wa ukumbini na dirisha la ubavuni la kutazama uani. Akitaka kutoka, akohoe mara mbili, ahesabu mpaka kumi, ndipo afungue mlango. Mimi nikisikia kikohozi nitafute pa kujificha. Chakula chake nikiweke kwenye stuli mlangoni, nigonge, niondoke. Mume wangu alieleza yote haya kwa furaha, kisha Jumatatu akapanda Land Rover yake akatuachia.

Jirani yangu, mama mmoja Mzaramo wa Chole, mkewe mpishi wa shule, alinikuta siku moja nimejibanza nyuma ya pipa la maji huku mzee akielekea chooni. Kujificha hakukumshangaza sana. Kilichomshangaza ni kwamba sikumwamkia. Aliniuliza inakuwaje mtu mzima apite mbele yangu, mzazi wa mume wangu, nisimpe hata shikamoo, wakati yeye anawaamkia hata wazee asiowapenda. Nilimweleza kwamba kwetu kumwamkia ndio utovu wa adabu. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo kila akipita karibu na uzio wangu alikohoa mara mbili, aone kama nitakimbia. Na mara nyingine, Mungu anisamehe, nilikimbia.

Mwezi wa kwanza mzee hakutoka sana. Alilala. Nilikuwa naupima uhai wake kwa sahani: ugali uliomegwa pembe moja, mboga haikuguswa, chai imeota utando. Nilibadilisha mapishi, nikatafuta ndizi za kupika mpaka sokoni Kwa Mathias, nikapika kwa maziwa kama kule kwetu. Sahani ikarudi vilevile. Usingeweza kumuuliza anaumwa nini, maana huruhusiwi kumuuliza chochote. Nilikuwa nafika kutoka shuleni saa nane mchana, nasimama nyuma ya nyumba, nasikiliza kama nitasikia kikohozi. Nikikisikia, miguu inapata nguvu, kisha naikumbuka adabu na kukimbilia jikoni. Mume wangu alisema wazee wengi wakifiwa na mke hawamalizi mwaka. Alilisema taratibu, akivua viatu, nami sikulala vizuri tena baada ya hapo.

Ndipo akaamua kumchukua baba yake safari moja ya kikazi, akapate hewa ya bahari.

Waliporudi nilielezwa kila kitu. Kulikuwa na kijiji chenye kikundi cha uvuvi cha ujamaa, ambacho kilipewa boti na mashine yake ya petroli. Maji yakipwa, boti hubaki mbali kabisa, na kati ya boti na banda la vifaa kuna mchanga mtupu. Wanaume walikuwa wanaifunga mashine kwenye mti, wanaubeba mabegani wawili wawili, kisha wanarudi kuchukua madumu ya mafuta, kisha nyavu, kisha matenga. Jioni wanayarudisha yote, kwa sababu kitu kikilala botini, asubuhi wezi wameondoka nacho. Mwenyekiti wa kikundi bega lake lilikuwa limevimba na kuota sugu. Mzee alikaa mchangani akawatazama tangu asubuhi, kisha akauliza swali moja: kwa nini hawatumii gari. Mume wangu akamjibu kwamba hata petroli ya mashine ya boti inapatikana kwa kibali. Mzee akasema hakuuliza habari za petroli.

Hapo ni lazima nieleze. Ujanani baba mkwe wangu alikwenda kwenye migodi ya shaba, huko ng'ambo ya Tunduma, akakaa miaka kumi na moja. Kazi yake ilikuwa kuendesha vigari vya betri, vinavyovuta mawe kwenye reli chini ya ardhi, ambako gari la moshi lingewaua watu. Miaka yote hiyo nilijua tu kwamba alikuwa migodini. Sikujua kwamba mzee aliyelala kwenye chumba changu cha mbele alifahamu magari ya umeme kabla mimi sijazaliwa.

Jumamosi ile sahani ilirudi tupu. Nilikaa jikoni nikaitazama, kisha nikaenda kumwonyesha mume wangu.

Wiki iliyofuata mume wangu alimletea dainamo na betri za Land Rover mbovu iliyokuwa imelala nyuma ya ofisi, magurudumu ya kigari kidogo kilichokufa, mnyororo na meno ya baiskeli, na mbao. Uani kwangu kukawa karakana. Tuligawana saa: nikiwa shuleni uani ni kwake, na akilala mchana uani ni kwangu. Jioni alifanya kazi akiwa amenipa mgongo, nami nikipika nikiwa nimempa mgongo, kila mmoja akijifanya yuko peke yake duniani.

Dainamo ukiizungusha inatoa umeme, na ukiipa umeme inazunguka. Jambo hilo nilikuwa nalifundisha kidato cha tatu kila mwaka kwa michoro, nikiwaapia wanafunzi kwamba ni kweli. Sikuwahi kuliona kwa macho mpaka siku nilipochungulia tundu la jiko nikaona dainamo ya Land Rover, imefungwa kwenye mbao, inazunguka pole pole na kuvuta mnyororo wa baiskeli, na mkono mkavu wa baba mkwe ukiushika mnyororo kuupima kama umekaza.

Ubao ulianza kwa bahati. Shule ilikuwa imenipa ubao mweusi uliovunjika pembe, nikauegemeza kwenye ukuta wa jiko ili niandalie masomo. Siku moja nimerudi nikakuta, chini ya mchoro wangu wa nguvu za mvutano, maandishi ya chaki yaliyosimama wima kama ya watu waliosoma zamani: MWALIMU, KUNA WAYA MNENE SHULENI?

Nilisoma mara tatu. Nikatazama pande zote kama mwizi. Hakuna aliyewahi kunikataza kumwandikia mkwe, kwa sababu bibi yangu hakujua kuandika na hakulifikiria. Nikaandika: UPO. NITALETA KESHO. Kesho nikaleta waya uliobaki maabara, nikauacha chini ya ubao. Jioni waya haukuwepo na ubaoni kulikuwa na neno moja, ASANTE.

Basi tukawa tunaandikiana. Aliniuliza magurudumu yatazama mchangani au hayatazama, nami nikamwandikia kwamba apunguze upepo kwenye matairi, yalale, yapate kukanyaga sehemu kubwa. Aliujaribu ushauri huo kwenye kifusi cha mchanga cha shule, akasukuma gari tupu huku na huko, na ubaoni akaandika: KWELI. Sahani zilirudi tupu kila siku. Nilianza kumsikia akiimba asubuhi, nyimbo za kanisani za kwetu, kwa sauti ya chini. Jirani yangu aliniuliza siku hizi mbona nacheka na ukuta.

Lakini mtu wa wasiwasi akikosa la kuogopa hulitafuta, na mimi sikuhitaji kutafuta mbali. Nilimwazima chaja ya maabara, na mzee, kwa kuogopa wezi, akawa anachajia betri chumbani kwake, chini ya kitanda, mlango na dirisha vimefungwa. Na mzee alikuwa anavuta kiko. Siku ya kwanza nilipopita kwenye ukumbi nikasikia maji ya betri yanatokota nyuma ya mlango, na harufu ya tumbaku ikitoka chini yake. Betri ikichajiwa hutoa hewa inayolipuka. Nimeona katika vitabu picha za vyumba vilivyobaki ukuta mmoja.

Nilikimbilia ubaoni nikaandika kwa herufi kubwa kuliko zote: BABA, BETRI IKICHAJIWA INATOA HEWA INAYOWAKA MOTO. ISICHAJIWE CHUMBANI. USIWASHE KIKO KARIBU. Nikagonga dirisha lake kwa ufagio, nikakimbia.

Nilipochungulia, betri ilikuwa imetolewa nje. Hakuandika chochote. Sahani ya jioni ilirudi imejaa. Ya asubuhi pia. Kutwa nzima hakutoka, hakuimba. Jioni ya pili nikakuta ubaoni: MGODINI KUCHAJI ILIKUWA KAZI YA WENGINE. SISI TULIENDESHA TU. NILIKUWA SIJUI.

Maneno hayo yaliniumiza kuliko kama angenitukana. Miaka kumi na moja chini ya ardhi, jambo moja la kujivunia maishani, na msichana aliyeolewa na mwanawe amemwonyesha kwamba hakulijua lote. Nilijiona nimemrudisha kitandani kwa chaki. Nilipika ndizi kwa maziwa, nikaweka na kipande cha samaki mkavu, nikasimama nyuma ya pazia. Alikula nusu. Siku ya tatu alirudi kwenye gari lake, lakini bila kuimba.

Gari lilikamilika Alhamisi moja. Jumamosi yake mume wangu alikuwa amewaahidi wanakijiji kulipeleka. Mzee alipolala mchana nilitoka kulikagua. Lilikuwa zuri. Sakafu ya mbao imepigwa randa, magurudumu manne mafupi manene, betri ndani ya sanduku nyuma, na mbele mkono mrefu wa mti wa kushika na kuelekeza gari wakati unatembea. Nyuma, juu ya sanduku la betri, ndipo ilipokuwa swichi.

Ilikuwa swichi ya taa. Ile ya ukutani, nyeupe, ya kuwashia balbu ya chumbani.

Nilichukua chaki nikapiga hesabu kwenye kiganja, ingawa sikuhitaji. Umeme unaopita kwenye swichi ya taa ni mdogo. Ule wa kuzungusha dainamo yenye mzigo ni mara nyingi zaidi. Swichi ile ingewasha gari mara tano au kumi, kisha vyuma vyake vya ndani vingeyeyuka na kushikana, na gari lisingezimika tena. Nilikwenda ubaoni nikaandika: BABA, SWICHI HII NI YA TAA. ITAYEYUKA NA KUGANDA. GARI HALITAZIMIKA.

Nilisimama nikiyasoma. Nikaona sahani zilizojaa. Nikasikia jinsi asivyoimba. Nikajiambia nitamwambia mume wangu kesho, naye atamwambia baba yake kama mtoto wa kiume, kwa mdomo, kistaarabu. Nikachukua kitambaa nikafuta.

Ijumaa mume wangu alifika giza linaingia, amechoka, amejaa habari: kijiji kizima kinasubiri, wameandaa hata wali. Mzee alikuwa amenyoa ndevu. Nilimsikia kupitia ukutani akimwuliza mwanawe bahari itakuwa kubwa au ndogo, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekwenda harusini. Nikafungua kinywa mara mbili kumwambia mume wangu, nikafunga mara mbili. Nikajipa moyo kwamba mchanga wenyewe si mrefu kiasi hicho, kwamba siku moja swichi itahimili. Mimi, ninayerudi kusukuma mlango uliofungwa, siku hiyo niliuacha wazi.

Niliomba kwenda nao. Mzee alikaa mbele na mwanawe, mimi nyuma na gari, turubai katikati yetu. Njia nzima nilikuwa nimeitazama ile swichi.

Kule pwani nilikaa na wanawake wa kijiji kando ya banda la vifaa, khanga mpaka usoni, nimegeuka upande. Wao walikuwa wamekwisha kuambiwa desturi yetu na hawakunisumbua, ingawa mmoja aliniuliza kama kwetu baba wakwe wanang'ata. Maji yalikuwa yamepwa na boti iko mbali. Wanaume walipakia mashine ya boti na madumu mawili ya mafuta na nyavu. Mzee alibonyeza swichi, akatembea mbele akashika mkono, na gari likaondoka peke yake mchangani, pole pole, bila moshi na bila kelele zaidi ya mlio wa mnyororo.

Mwenyekiti wa kikundi, mwenye bega bovu, alikuwa anatembea kando ya gari mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Lilikwenda mpaka kwenye boti, likasimama, likarudi. Likaenda tena na matenga. Mimi nilikuwa nahesabu swichi inavyobonyezwa. Moja, mbili, tatu. Mume wangu alinitazama kutoka mbali akatabasamu, akidhani nalia kwa furaha.

Mara ya saba au ya nane mzigo ulikuwa mkubwa: mashine ya pili, ya akiba, na pipa la maji. Mchanga unaokaribia boti ni mgumu na unateremka. Gari lilianza kwenda haraka kidogo, si haraka ya kutisha, ila kuliko hatua za mzee. Alikuwa mbele yake, akitembea kinyumenyume na mkono wa gari umemgusa kifuani. Alimwonyesha mwenyekiti ishara ya kuzima. Mwenyekiti akabonyeza. Gari likaendelea. Akabonyeza tena na tena, na nilimwona akiitazama swichi kama mtu aliyedanganywa.

Nyuma ya mzee kulikuwa na ubavu wa boti. Wale wanaume walilishika gari pembeni, wakavuta, lakini lilikuwa zito na walikuwa wanacheka, kwa kuwa hawakujua. Mimi peke yangu ndiye niliyejua. Nilikuwa nimekwisha kuinuka. Khanga iliangukia wapi sijui.

"Baba," nilipiga kelele, "uachie huo mkono, toka mbele."

Ndilo neno la kwanza nililomwambia maishani mwangu. Alishtuka, akageuza uso kutafuta sauti imetoka wapi, na kwa kugeuka huko alikanyaga kamba ya nanga akaanguka ubavu, nje ya njia ya gari, isipokuwa mguu wa kushoto. Gurudumu lilimpanda mguuni. Nilifika nikapiga magoti nyuma ya gari, nikafungua sanduku, nikaushika waya wa betri kwa mkono wangu na kuung'oa. Ulikuwa wa moto kama chuma cha jikoni. Ulitoa cheche, mnyororo ukasimama, na gari likatulia pua yake ikiwa imegusa boti.

Tukabaki pale. Yeye chini kwenye mchanga wenye maji, mimi nimepiga magoti, kichwa wazi, mbele ya kijiji kizima. Nilimwona uso. Alikuwa na macho ya mume wangu. Kisha sote wawili tukageuka upande, yeye huku na mimi kule, na mtu akanitupia khanga.

Mguu haukuvunjika. Mganga wa zahanati aliufunga, akasema apumzike. Kiganja changu kilipakwa dawa ya manjano, na alama yake ninayo mpaka leo. Kurudi Kibaha hakuna aliyezungumza. Mume wangu alidhani tunaomboleza mwiko uliovunjika, maana kwetu jambo kama hilo lina kuku wake wa kuchinjwa na maneno yake ya wazee, na alikuwa anapanga kimoyomoyo nani aitwe. Mimi nilikuwa nimelemewa na jambo jingine kabisa, na aliyelijua ni mimi peke yangu, kwa kadiri nilivyodhani.

Jumapili sahani ilirudi imejaa. Jumatatu asubuhi, kabla ya kuondoka, mume wangu aliniambia kwamba baba ameuliza habari za basi la Mbeya. Anataka kurudi kwao. Kule hakukuwa na mtu wa kumpikia, na nyumba ilikuwa imefungwa tangu mazishi. Mume wangu alilia, jambo ambalo hakulifanya hata mama yake alipozikwa. Nilikwenda kufundisha na sikumbuki nilifundisha nini. Nilijua tu kwamba tulikuwa tumemwinua mtu kitandani, na mimi, kwa kuogopa kumwangusha, nimemwangusha.

Nilirudi saa nane. Uani kulikuwa kimya. Kwenye ubao kulikuwa na maandishi, na kwa mbali nilidhani ni barua ya kuaga. Nikasogea.

Ubao mweusi uliofutwa kwa kitambaa kikavu hausahau. Mwalimu yeyote anajua. Herufi hubaki chini, kama ukungu, na mtu akisimama upande ambao jua linapiga anaweza kuzisoma zote. Alikuwa amechukua chaki akapita juu ya kila herufi niliyoifuta Alhamisi ile, moja moja, kwa mkono wake uliosimama wima: BABA, SWICHI HII NI YA TAA. ITAYEYUKA NA KUGANDA. GARI HALITAZIMIKA.

Nilishika ukuta. Nyuma yangu dirisha la chumba chake lilikuwa wazi, na nilijua yuko pale kwa harufu ya kiko.

"Haya uliyaandika lini?" aliuliza.

Sikugeuka. Niliujibu ubao. "Alhamisi, baba."

"Ukafuta."

"Nikafuta."

"Kwa nini?"

Ningeweza kusema nilisahau, au niliona aibu, au adabu ilinizuia. Nilikuwa nimechoka kuogopa. Nilimwambia kwamba nilipomwandikia kuhusu betri aliacha kula, na niliogopa nikimsahihisha tena atarudi kitandani na hatainuka. Nilimwambia nilikuwa nazihesabu sahani zake tangu siku aliyofika. Nilisema yote hayo nikiwa nimeutazama ubao, kiganja kikiniwaka ndani ya bandeji.

Nilimsikia akikigonga kiko chake kwenye fremu ya dirisha.

"Nimefiwa, mwanangu," alisema. "Sijafa. Siku nyingine usifute."

Kisha nikasikia dirisha linafungwa. Jioni niliweka chakula kwenye stuli, nikagonga, nikaondoka kama kawaida. Sikukaa kungoja sahani. Nilikwenda kulala na mawazo yangu, nikifikiria lile basi la Mbeya.

Asubuhi nilikuwa nimeinama jikoni napepea mkaa, macho yamejaa moshi, nikasikia mlango wa chumba cha mbele unafunguka. Hakukuwa na kikohozi. Nilisubiri cha kwanza, nikasubiri cha pili, mwili wangu wote umekwisha kujiandaa kukimbilia nyuma ya pipa. Nilisikia mguu mmoja unakanyaga na mmoja unaburutwa, ukumbini, kisha mlango wa uani, kisha kwenye kokoto, mpaka ukasimama mlangoni pa jiko. Alikuwa ameshika sahani ya jana mkononi, imeliwa. Niliinuka. Sikujifunika.

"Shikamoo, baba," nilisema.

"Marahaba," akaitikia, akanipa sahani, akaniuliza bisibisi yake iko wapi.